Mtego wa tope haushiki rangi ya maji

Chota maji ya lambo wiki ambayo mvua za Desemba zimeanza, yatie kwenye chupa ya lita moja isiyo na rangi, kisha yaache yatulie. Dakika mbili zikipita, mchanga wote uko chini. Saa tatu nne baadaye tabaka la tope laini limekaa juu ya mchanga. Asubuhi yake maji yaliyobaki bado yana rangi ya chai ya maziwa, na kesho kutwa ni vilevile. Sisi tunaofanya kazi ya hifadhi ya udongo na maji huku Dodoma huanza na chupa hii kila tunapoitwa kuangalia lambo lililojaa, maana humaliza ubishi mapema: kuna tope linalokubali kunaswa mlangoni mwa lambo, kwenye shimo la kutulizia maji tunaloliita mtego wa tope, na kuna tope ambalo likishaingia kwenye maji hakuna shimo litakalolitoa.

Hesabu yake si ngumu. Chembe ya mchanga yenye kipenyo cha milimita 0.1 huzama kiasi cha milimita 9 kwa sekunde, kwa hiyo mita moja huimaliza kwa dakika mbili hivi. Kipenyo kikipungua mara kumi, mwendo wa kuzama hupungua mara mia. Chembe ya milimita 0.01 itahitaji saa tatu kwa mita hiyohiyo, na chembe ya mfinyanzi ya milimita 0.001 itahitaji karibu wiki mbili, tena maji yakiwa yametulia kabisa, bila upepo na bila ng'ombe kuingia. Lambo la Ugogo halijapata kuwa na wiki mbili za namna hiyo wakati wa masika.

Tope la rangi ndilo lenye madhara kwa afya. Mchanga hula ujazo wa lambo, lakini mfinyanzi hubeba samadi, vimelea na fosforasi kutoka mashambani na mazizini, na huvikinga vimelea visifikiwe na klorini. Maji yakipita NTU 5, kipimo cha ukungu wa maji, klorini hupungua nguvu kwa namna isiyotabirika. Unaweka dozi iliyoandikwa kwenye chupa na bado mtoto anaharisha. Shabu husafisha, mbegu za mlonge zilizopondwa nazo husafisha, lakini dozi hubadilika kila mvua inaponyesha, na mama mwenye ndoo ya lita 20 hana kifaa cha kumwambia leo aongeze kiasi gani. Ndiyo sababu tunasisitiza kazi ianzie juu ya mteremko.

Ushahidi wa hili ni wa zamani na ni wa hapahapa. Miaka ya 1930 kule Mpwapwa vilipimwa vipande vya ardhi vilivyowekewa mipaka na matangi ya kukusanya maji. Kipande kilichoachwa tupu kilipoteza karibu nusu ya mvua yote kama mtiririko. Kilicholimwa uwele kilipoteza kama robo. Chenye nyasi kilipoteza chini ya asilimia 2, na udongo haukuondoka kwa kiasi cha kupimika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti walipima mabwawa manne karibu na mji wa Dodoma, yaani Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, wakaona yanavyojaa tope kutoka mashambani na malishoni. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika sana la Kondoa. Hatua hiyo iliwaumiza wafugaji na bado inazungumzwa kwa hisia, lakini majani yalirudi, na anayetaka kuona tofauti ya ardhi yenye nyasi na isiyo na nyasi hahitaji kwenda mbali.

Kazi huanza juu

Kosa tunalolikuta mara nyingi kuliko yote ni kuanza chini. Kamati inapata fedha, inachimba shimo la kunasa tope au inajenga kizuizi katikati ya korongo, kwa sababu hapo ndipo uharibifu unapoonekana kwa macho. Masika ya kwanza maji yote ya juu yanashuka kwa nguvu ileile na kuizika kazi hiyo. Mpangilio unaofaa ni huu: kwanza mfereji wa kukinga juu kabisa ya mashamba, kisha makinga maji, yaani matuta ya kukatiza mteremko, shambani, kisha kichwa cha korongo, pale linapoanzia, kisha vizuizi ndani ya korongo, na mwisho mtego wa tope. Fedha zikitosha robo tu ya kazi, fanyeni robo ya juu.

Kupima kontua, yaani mstari unaovuka mteremko kwa usawa mmoja, hakuhitaji mashine. Funga miti miwili ya mita 2 na zaidi kwa umbo la herufi A, miguu ikiachana mita 2 kamili, weka mti wa kukingama katikati, kisha ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Simamisha kifaa juu ya vigingi viwili, weka alama kamba inapogusa mti wa kukingama. Geuza miguu, wa kulia uende kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Watu huruka hatua ya kugeuza, halafu wanashangaa tuta lao linamwaga maji upande mmoja. Upepo wa Dodoma kuanzia saa nne asubuhi hupeperusha kamba, hivyo tumia jiwe zito au fanya kazi mapema. Ukipata mpira wa maji wa mafundi ujenzi ni bora zaidi, ila hakikisha hauna kiputo cha hewa hata kimoja. Kiputo kinadanganya kwa sentimita kadhaa, na kwenye mteremko mdogo sentimita hizo ndizo zinazoamua tuta lipone au likatike.

Umbali kati ya tuta na tuta tunaukokotoa hivi: chukua asilimia ya mteremko, gawanya kwa 4, jumlisha 2, zidisha kwa 0.3. Jibu ni tofauti ya kimo kwa mita. Mteremko wa asilimia 5 unatoa mita 0.98 za kimo, sawa na kama mita 20 kwa kutembea. Asilimia 2 inatoa mita 37, asilimia 10 inatoa mita 13 na nusu. Kwenye udongo mwekundu wenye ganda gumu juu tunapunguza kidogo, maana ganda hilo huzuia maji kuzama na mtiririko huanza dakika chache tu mvua ikishaanza.

Kwa tuta la kawaida la aina iitwayo "fanya juu" huchimbwa mfereji wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, udongo ukirushwa upande wa juu, na kuachwa nafasi ya sentimita 20 hadi 30 kati ya tuta na mfereji ili udongo usirudi shimoni. Ndani ya mfereji acha vizibo kila mita 10. Vizibo hivi ndivyo vinavyookoa kazi: tuta likikatika sehemu moja, maji ya mita 10 tu ndiyo yanayotoka, si maji ya shamba zima. Tuta la udongo lililokatika hubeba na matuta ya chini yake, moja baada ya jingine, na huacha mfereji mpya ambao baada ya misimu miwili unaitwa korongo.

Penye mawe, tunapendelea mistari ya mawe kuliko tuta la udongo. Chimba msingi wa sentimita 10, panga mawe makubwa upande wa chini na madogo upande wa juu, kimo kiwe sentimita 25 hadi 30. Mstari huu haukusudiwi kuzuia maji. Maji hupenya taratibu na kuacha udongo nyuma, na kama mvua ni kubwa mno yanapita juu bila kubomoa kitu. Mstari unaovuja umefanya kazi yake, ingawa ni vigumu kumshawishi mwenye shamba aliyezoea kwamba kizuizi kizuri ni kile kisichopitisha hata tone.

Mabua ya mtama na uwele nayo yana kazi. Yakilazwa kwa kufuata kontua baada ya mavuno yanapunguza kasi ya mvua za kwanza, ambazo ndizo mbaya kuliko zote kwa sababu zinakuta ardhi imeliwa nyasi zote kufikia Oktoba. Tatizo linajulikana: mabua ni chakula cha ng'ombe wa jirani. Bila makubaliano ya kitongoji, usitegemee mabua.

Korongo

Kabla ya kugusa korongo, jaribu udongo wake. Chukua kijibonge kikavu cha ukubwa wa njegere kutoka ukutani mwa korongo, kitumbukize kwenye glasi ya maji bila kukoroga. Kikimomonyoka na kuwa rundo dogo, maji yakabaki maangavu, ni udongo wa kawaida. Kikianza kutoa wingu la maziwa linalotambaa chini ya glasi, huo ni udongo wenye sodiamu nyingi, unaoyeyukia kwenye maji wenyewe bila hata kusukumwa. Tumia maji ya mvua kwa jaribio hili. Maji ya kisima cha Dodoma mengi yana chumvi, na chumvi huzuia wingu lisitokee. Udongo mbaya utaonekana mzuri. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea, na tuta la lambo linalojengwa kwa udongo huo hutoboka kwa ndani mwaka wa kwanza linapojaa.

Kwenye udongo wa namna hiyo usijenge ukuta wa kukinga maji marefu nyuma yake. Maji yatatafuta ufa au tundu la mchwa, yatachimba handaki chini ya ukuta, na siku moja utaukuta umesimama mzima huku korongo likipita pembeni. Hapo tunatumia vizuizi vifupi sana vinavyovuja, tunapanda, na pale ambapo ni lazima kujaza udongo tunauchanganya na jasi, inayochimbwa Itigi mkoani Singida, kisha tunaushindilia ukiwa na unyevu kwa matabaka ya sentimita 15. Ukiushindilia mkavu ni sawa na kutoushindilia.

Kwenye udongo wa kawaida, vizuizi vya mawe makavu visizidi mita 1 kwa kimo. Nafasi kati yake hupatikana kwa kugawanya kimo cha njia ya maji, yaani sehemu ya katikati iliyo chini ambapo maji hupita juu ya kizuizi, kwa mteremko wa sakafu ya korongo: kizuizi cha sentimita 80 kwenye mteremko wa asilimia 4 kinafuatwa na kingine baada ya mita 20. Kwa maneno mengine, mguu wa kizuizi cha juu ulingane na kilele cha kile cha chini. Mkiviweka mbali zaidi, maji yanapata nafasi ya kuongeza kasi na kuchimba katikati.

Kizuizi kimoja kwenye korongo la upana wa mita 3 kinajengwa hivi. Chimba msingi wa sentimita 40 kuvuka sakafu yote. Ingia kwenye kuta za pande zote mbili angalau sentimita 50, na zaidi kama ukuta ni wa mchanga. Panga mawe makubwa kwanza, kila jiwe likilala juu ya maungio ya mawili ya chini yake, na mawe madogo yazibe mapengo upande wa juu. Katikati acha njia ya maji iliyo chini ya mabawa, yaani pande mbili za kizuizi, kwa sentimita 30 au zaidi. Mbele ya kizuizi, upande wa chini, tandaza mawe kwa urefu wa mara moja na nusu hadi mbili ya kimo, yakiwa yamezikwa kulingana na sakafu. Jumla ni karibu mita 6 za ujazo za mawe kwa kizuizi kimoja, na takwimu hii huwashtua watu waliodhani toroli chache zitatosha.

Vizuizi vingi vilivyokufa tulivyovikagua vimekufa kwa sababu mbili. Cha kwanza ni kilele kilichonyooka kama ukuta wa nyumba, bila njia ya katikati. Maji yakifika juu huenda pembeni, ambako kuna udongo mtupu, na korongo linapanuka. Cha pili ni kukosa sakafu ya mawe mbele: maji yanaanguka, yanachimba shimo, na msingi unaning'inia hewani mpaka mawe yote yaporomoke. Mawe yenyewe huwa mazuri tu. Nyuma ya kizuizi kukishajaa tope, usilifukue. Hiyo ni sakafu mpya ya korongo. Pandisha kizuizi kwa tabaka jingine mwaka unaofuata au panda matete hapo.

Pasipo na mawe, minyaa inasaidia. Kata vipande vya urefu wa mita 1.2 na unene wa mkono, viache vikauke utomvu siku chache kivulini, kisha vizike sentimita 50 kwa mistari miwili iliyoachana sentimita 50, na katikati jaza matawi yaliyofungwa vizuri. Utomvu wa minyaa hupofusha. Mkataji avae miwani, watoto wakae mbali, na maji ya kunawa yawe karibu. Mkonge kwenye kingo za juu za korongo huzuia pia ng'ombe wasishukie hapo, maana njia ya ng'ombe ndiyo mwanzo wa makorongo mengi kuliko mvua peke yake.

Mtego wenyewe

Sasa mtego wa tope una maana. Tuchukue eneo la hekta 5 linalomwaga maji lamboni. Kwa mvua ya milimita 60 kwa saa, na asilimia 40 yake ikigeuka mtiririko, kilele cha maji ni mita za ujazo 0.33 kwa sekunde. Ukitaka kunasa chembe za milimita 0.05 na zaidi, ambazo huzama kama milimita 2.2 kwa sekunde, gawanya: unahitaji mita za mraba 150. Ongeza nusu kwa sababu maji hayatembei sawasawa, upate kama 225, yaani urefu wa mita 28 kwa upana wa mita 8. Urefu uwe angalau mara tatu ya upana. Mtego mfupi na mpana hupitisha maji moja kwa moja kutoka mlango hadi mlango, pembe zake zikiwa zimelala bure.

Rudia hesabu hiyohiyo kwa chembe za milimita 0.001 na utapata hekta 37 kabla hata ya kuongeza ile nusu, zaidi ya mara saba ya eneo lote linalokusanya maji. Anayekuuzia mtego wa tope kwa ahadi ya maji meupe hajafanya hesabu hii.

Kina cha mita 1.5 kinatosha: mita 1 ya kuhifadhi tope na nusu mita ya maji juu yake. Mahali pa kutokea pawe papana, pa mawe, pamelazwa sawa kwa mpira wa maji, ili maji yatoke kama shuka na si kama bomba. Kati ya mtego na lambo acha ukanda wa nyasi wa mita 10 hadi 20. Bafeli inavumilia ukame wetu. Vetiva inafaa pia, vichipukizi viwili vitatu kwa shimo, sentimita 10 hadi 15 kati ya shimo na shimo, ila ipandwe na mvua za kwanza; iliyopandwa Februari mara nyingi haifiki Agosti. Gawa mtego vyumba viwili kwa kizuizi kidogo cha mawe. Chumba cha kwanza hukusanya mchanga safi ambao mafundi ujenzi watanunua, na fedha hiyo hulipa usafishaji.

Njia za maji ya barabara zisisahaulike. Kalvati moja linaloelekezwa kwenye mteremko mtupu huharibu kazi ya kijiji kizima, na kwa kasi ambayo jiji la Dodoma linajengwa, maji ya barabara na viwanja vilivyofyekwa yanaongezeka kila mwaka. Kwenye viwanja vya ujenzi, uzio wa sandarusi unasaidia ikiwa ukingo wa chini umezikwa sentimita 15 hadi 20 na vigingi vimeachana mita 1.5. Kila mita 30 za uzio zisibebe zaidi ya hekta 0.1. Usiuweke ndani ya mfereji, utang'oka. Jua letu huila sandarusi, hivyo hesabu msimu mmoja tu.

Kwenye miinuko ya malisho, ambako hakuna anayelima, kisiki hai hurudisha kivuli na majani kwa gharama ndogo kuliko kupanda miche: chagua kisiki, bakiza machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka, pogoa mengine, funga alama ili wachungaji wajue, linda. Makinga maji ya nusu mwezi yanafuata hapo hapo, midomo ikitazama juu ya mteremko, yakipishana mstari kwa mstari.

Lambo lenyewe lizungushiwe miiba au minyaa, na ng'ombe wanyweshwe kwenye birika lililo chini ya tuta, kwa bomba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji. Vijiji vingi vinaifahamu, na bado utakuta mahindi yamefika ukingoni, mara nyingi ya mtu ambaye mwenyekiti anaona haya kumwambia. Mpaka uliowekwa vigingi na kupandwa mkonge hauhitaji mtu kusema.

Ukaguzi ufanyike asubuhi baada ya kila mvua inayozidi milimita 20, si mwisho wa msimu. Tembea juu kuelekea chini ukiwa na jembe: panapoanza kukatika pazibwe siku hiyohiyo, wakati ni upana wa kiganja. Mtegoni simika kigingi chenye alama nyekundu nusu ya kina cha kuhifadhi. Tope likifika hapo, mtego usafishwe Septemba au Oktoba, kabla ardhi haijalowa. Kinachofukuliwa kisirundikwe ukingoni, kitarudi na mvua ya kwanza. Tope la chumba cha pili lina samadi nyingi na wakulima wa mchicha hulifuata na toroli siku hiyohiyo, kwa hiyo mgao wake uandikwe kwenye muhtasari wa kamati kabla ya jembe la kwanza, la sivyo waliochimba watakosa na mwakani hawatakuja.